Masikio ya Mama Pacha

Mtu akiingia kwenye kibanda chetu cha kusagia mahindi kwa mara ya kwanza, hudhani mimi na mke wangu tumegombana. Yeye yuko mlangoni kwenye mzani, mimi niko ndani kwenye mashine, na kati yetu hakuna neno. Nikimwonyesha viganja viwili vilivyofunguliwa, anajua kiroba kimejaa, anakuja kukifunga. Akizungusha kidole hewani kama mtu anayekoroga chai, najua mteja anataka unga laini, nibadilishe chekeche. Akijipiga goti, ananiambia mkanda unateleza. Nami nikizungusha kidole gumba, maana yake naondoa breki, nawasha mota, watu wakae mbali.

Hatujagombana hata kidogo. Mota ikishawaka, mle ndani hata paa likianguka utajua kwa vumbi tu. Ndiyo sababu watu wa mashine huzungumza kwa mikono na kwa midomo isiyo na sauti, na wakitaka sauti hawana nyingine ila ya kupiga kelele. Mke wangu ni hodari wa vyote viwili. Mimi ni mtu wa aibu tangu utoto, kwa hiyo nilichagua ile ya mikono nikatulia nayo.

Watu wote humwita Mama Pacha. Jina hilo alilipata siku aliyojifungua binti zetu, muda mfupi baada ya kumaliza sekondari. Hatukujua kama ni wawili. Yule wa kwanza alipotoka, mke wangu alishusha pumzi akidhani kazi imekwisha, na mkunga akamwambia kwa sauti ya polepole, kama mtu anayesema chai bado imo kwenye birika, "Usijifunike bado, mama, kuna mwenzake." Kila akisimulia, Mama Pacha humalizia kwa maneno yaleyale: "Nataka kuwa mtu anayeweza kusema jambo kama lile kwa sauti kama ile."

Lakini watoto wawili si mzigo wa kubeba na huku unasoma. Alikuja kunisaidia kwenye mashine mpaka tupate mtu, na mtu hakupatikana, akawa yeye. Miaka ikapita na mahindi yake. Mabinti wakakua, mmoja akaolewa, mwingine akapata kazi mji mwingine, na nyumba ikabaki na sauti ya saa ya ukutani. Ndipo jioni moja, akipembua mchele, akasema bila kuinua uso, "Baba Pacha, chuo cha ukunga wanapokea watu wa umri wangu. Lakini mwaka huu tu. Mwakani nitakuwa nimeupita."

"Nenda," nikasema.

"Kuna mtihani wa kuingia."

"Fanya."

"Na kuna Kiingereza."

Mimi niliishia shule ya msingi, na Kiingereza changu nilikiacha palepale kwenye dawati.

Sayansi na hesabu hazikumsumbua. Alikuwa na vitabu vya mabinti, na kichwani mwake mambo hukaa kama mahindi kwenye ghala kavu. Kiingereza kilikuwa na vipande vitatu: kusoma, kuandika na kusikiliza. Kile cha kusikiliza, sauti inatoka kwenye spika, inasema habari mara mbili, kisha unachagua majibu. Na masharti ya chuo yalikuwa wazi. Ukianguka kipande kimoja cha Kiingereza, hata kama sayansi umeipata yote, unarudi ulikotoka.

Akajiunga na masomo ya jioni. Yalifanyika kwenye chumba cha shule ya watoto wadogo, na mwalimu alikuwa binti makini wa umri wa mabinti zetu. Siku ya kwanza Mama Pacha alirudi akicheka mpaka akaegemea mlango.

"Mwalimu kaniuliza naitwa nani, nikajibu. Darasa zima likaruka."

"Kwa nini?"

"Nilijibu kwa sauti ya kibandani. Kijana wa mbele kaangusha miwani."

Kusoma alikuwa wa kwanza darasani, kuandika hakuwa mbaya. Ila mwalimu alipoanza kuwachezea kanda za kusikiliza, mke wangu akaanza kurudi kimya. Mara ya kwanza alikosa karibu yote. Mara ya pili hivyohivyo. Mwishowe mwalimu aliniita na mimi. Nilikwenda nimevaa shati la kwendea harusi, nikakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kidevuni.

"Baba, sikukuita kwa ubaya," mwalimu akasema. "Nataka uone kitu. Mama, nitasema sentensi moja, urudie."

Akasema sentensi ya Kiingereza. Mke wangu akairudia yote. Akasema nyingine ndefu zaidi, mke wangu akairudia. Kisha mwalimu akanyanyua kitabu, akakiweka mbele ya mdomo wake, akasema ya tatu. Mama Pacha akainamisha kichwa upande, kama mtu anayechungulia nyuma ya nguzo.

"Sijaipata, mwalimu. Umeweka kitabu."

"Kitabu hakizibi sauti, mama."

Akarudia, kitabu kikiwa palepale. Mke wangu akatikisa kichwa. Mwalimu akashusha kitabu, akasema sentensi ileile kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, na mke wangu akaitamka neno kwa neno.

"Mnaona?" mwalimu akasema. "Mama, wewe husikilizi kwa masikio. Unasikiliza kwa macho. Na spika haina midomo."

 Mimi ndiye niliyemleta kwenye ile kelele, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza kama nimemharibia masikio. Kesho yake tulikwenda kupimwa. Mpimaji alimvisha vifaa kichwani, akamsikilizisha milio, akatuambia uwezo umepungua kidogo lakini unaotosha upo. "Masikio yanafanya kazi," akasema. "Yamezoea tu kukaa bure, macho ndiyo yanayotumwa kila mahali." Akatupa vya kuziba masikio tukiwa kazini, na kwa kweli tulipaswa kuwa navyo zamani.

Sasa ikawa kuyarudisha kazini masikio ya Mama Pacha. Tulijaribu redio, stesheni ya Kiingereza. Lakini redio haina subira. Ukikosa neno, imeshafika mbali, na huwezi kuiambia irudi. Baada ya siku kadhaa aliizima, akanigeukia.

"Utanisomea wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Nyuma ya pazia, nisikuone."

"Kiingereza?"

"Si ulifundishwa shuleni?"

"Nilifundishwa. Sikusema nilijifunza."

"Mwalimu amesema haidhuru," akasema. "Kwanza nizoee kupata maneno bila kuona midomo. Hata kwa Kiswahili."

Nilitafuta sababu za kukataa na kila niliyoipata ilikuwa ndogo kuliko mwaka wake wa mwisho. Nikaenda kwa fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, kumwomba atuunganishie viroba vitupu viwe pazia.

Fundi ni mtu ambaye hata akiwa na pini mdomoni huongea. Mimi ameniita Bwana Kimya tangu tulipofahamiana. "Pazia la katikati ya kibanda?" akauliza. "Kwa hiyo sasa mmegombana kweli?"

"Ni la masomo," nikasema.

"Bwana Kimya, nimeoa miaka mingi. Pazia halijawahi kuwa la masomo."

Alilishona, akaja kulitundika mwenyewe ili aone mwisho wake. Tulichagua wakati wa mchana, mota inapozimwa ipoe na wateja wanakaa kwenye benchi kusubiri. Mke wangu akakaa kwenye kigoda chake kando ya mzani. Mimi nikaingia nyuma ya viroba na kipande cha gazeti tunachofungia mabaki ya unga. Ilikuwa habari ya mbuzi aliyeingia ofisi ya posta akakataa kutoka. Nikaisoma yote, kisha nikauliza, "Mbuzi aliingia ofisi gani?"

Kigoda chake kikalia, akijisogeza karibu na viroba.

"Nimesikia sauti yako," akasema taratibu. "Maneno hayakufika."

Ilikuwa Kiswahili chetu wenyewe, cha nyumbani. Nikakaa nimeshika gazeti, na jambo moja likanijia ambalo sikuwa nimeliwaza hata siku moja. Tangu tulipoanza kazi ile, kila ninaposema, mke wangu huacha alichokuwa akikifanya, akanitazama usoni mpaka nimalize. Sijawahi kuwa mtu wa kutazamwa. Mezani kwetu, utotoni, nilikuwa nikianza kusema wenzangu wanaomba chumvi. Kutazama kwake kule nilikuwa nimekuweka moyoni kama akiba.

"Kwa hiyo miaka yote hii," nikasema kutoka nyuma ya pazia, "ninapoongea, unapokuwa unanitazama..."

"Natazama midomo. Sema kwa nguvu."

"Mimi nilidhani..." Nikaishia hapo.

"Ulidhani nini?"

Nilishukuru kwamba kuna viroba kati yetu, maana uso wangu ulikuwa unawaka. Nikasema kwa sauti ya kujisemea, "Nilidhani ni mapenzi."

 Sauti ya mke wangu ikaja, wazi kabisa.

"Hilo nimelisikia."

Fundi alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Wateja wawili wakamfuata. Mimi nilibaki nyuma ya pazia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na nilipotoka Mama Pacha alikuwa anapanga mawe ya mzani ambayo yalikuwa yamepangika tayari. Hakusema zaidi, na mimi si mtu wa kuuliza mara mbili.

Lakini tangu siku hiyo alijua kwamba inawezekana. Tukasoma habari za gazeti mpaka mbuzi wa posta akawa ndugu yetu. Maneno yalianza kumfikia moja moja, baadaye kwa mafungu. Hapo mwalimu akatupa karatasi za mitihani ya nyuma, na Kiingereza kikaanza.

Aibu niliyoipata wiki ile siwezi kuieleza yote. Nilikuwa nimejificha nyuma ya viroba na bado niliweka karatasi mbele ya mdomo. Sauti ilitoka kama ya nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Kila neno nililitoa kwa wasiwasi, kama mtu anayerudisha kitu alichokiazima akakivunja.

"Bwana Kimya," fundi akaita kutoka kwenye benchi, maana sasa alikuwa anahamia kwetu kila mchana na nguo zake za kupinda, "soma kwa sauti. Hata sisi tusioelewa tunataka tusielewe vizuri."

"Mwache," mke wangu akasema. "Akisoma kwa sauti nitazoea raha."

Jumamosi nilikuwa nampelekea mwalimu maneno yaliyonishinda, naye ananitamkia, nami narudi nikiyatamka njiani kimoyomoyo. Siku moja alikuja mwenyewe kusikiliza. Nilitamani ardhi inimeze. Alipomaliza alisema, "Baba, unasoma kwa woga, lakini unasomeka." Akamrekodia pia mke wangu sauti yake kwenye simu, tukawa tunachanganya: leo mwalimu, kesho mimi. Ile simu mwanzoni Mama Pacha aliikodolea macho kama inatafuna. Baadaye akajifunza kufumba macho. Macho yakifungwa, akasema, masikio yanaona hayana wa kumtuma tena, yanakwenda yenyewe.

Benchi nalo likaingia shuleni. Karatasi mojawapo ilikuwa na mtu aliyekosa basi la asubuhi kwa sababu alirudi nyumbani kuchukua mwavuli, kisha mvua isinyeshe. Mke wangu alijibu maswali yote, halafu akalazimika kuwaeleza wateja kwa Kiswahili, nao wakabishana mpaka mota ikapoa kupita kiasi. Mama mmoja mwenye mahindi ya njano alishikilia kwamba kosa ni la mke wa yule mtu, angemkumbusha mapema. Fundi akauliza basi lenyewe lilikuwa linakwenda wapi, na hilo karatasi haikusema, akaondoka hajaridhika.

Kitu kimoja tu kiligoma: simu za watu. Nyumbani kwetu simu ikiita, yeye hunipa mimi kwa sababu hasikii, mimi humrudishia yeye kwa sababu naona aibu, na inapita mikononi mwetu hivyo mpaka inakata. Mabinti walishazoea kutuma ujumbe. "Simu nitaianza baada ya mtihani," akasema. Sikumlaumu.

Siku ya mtihani nilimsindikiza. Tajiri, mwenye mashine, aliturudishia jibu fupi tu, "Fungeni, mahindi hayaozi kwa siku moja," na nikamwona ni mtu mwema kuliko nilivyojua. Getini walizuia wasindikizaji. Nikasimama pamoja na wengine kando ya baiskeli. Mama Pacha akavuka uwanja na mkoba wake, katikati ya vijana ambao angeweza kuwazaa wote. Mlangoni mwa ukumbi akageuka, akanitafuta kwa macho, akajipiga goti.

Mkanda unateleza.

Nikainua mkono juu ya vichwa vya watu, mimi nisiyependa hata kuonekana napiga chafya, nikazungusha kidole gumba. Akacheka, akaingia.

Mchana wakaanza kutoka. Vijana walitoka wamenuna. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba sehemu ya kusikiliza ilikuwa ya kuonewa tu. Mama Pacha alitoka miongoni mwa wa mwisho, anatembea taratibu, na usoni mwake sikusoma kitu.

"Imekuwaje?" nikauliza.

"Tununue maji kwanza."

Tukanunua maji. Akanywa nusu chupa.

"Spika imegoma," akasema. "Wamegonga, wamebadilisha waya, imekataa. Basi msimamizi akachukua karatasi asome mwenyewe. Mzee mmoja, ana masharubu kama brashi ya viatu, mdomo huoni ulipo. Na anaona haya, Baba Pacha. Kichwa chini, karatasi ameisimamisha hapa." Akaweka kiganja mbele ya midomo yake. "Vijana wanalalamika hatusikii, hatusikii. Yeye ndiyo kwanza anazidi kuzama."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshtuka. Nikajiuliza, huyu mtu namjua wapi?" Akaanza kucheka. "Anasoma kama wewe. Anasoma kama anaomba radhi kwa kila neno. Nikafumba macho, nikajiona niko kwenye mzani, wewe uko nyuma ya viroba. Mara ya pili alipokuwa anasoma, mimi nilikuwa nahakiki tu."

Nilimtazama. Sikujua kama nimesifiwa au nimesemwa, na niliona vyote viwili ni sawa.

Walisema watakaochaguliwa watapigiwa simu. Hilo lilitutisha kuliko mtihani. Kuanzia siku hiyo Mama Pacha alitembea na simu ameifunga kwenye kanga kiunoni, kwa sababu mota ikiwaka hasikii mlio, ila mtetemo atauhisi.

Ilikuja asubuhi ya siku yenye wateja wengi, mashine ikiwa imejaa mahindi mpaka juu. Nilimwona akishika kiuno. Akatoa simu, akaitazama, na kwa mazoea akaunyoosha mkono kuniletea. Mimi nikiwa na unga mpaka kwenye nyusi, kwa mazoea nikarudi nyuma hatua moja. Tukatazamana hivyo. Kisha yeye akaurudisha mkono, akatoka nje, akasimama upande wa ukuta wa fundi, akaweka simu sikioni na kufumba macho.

Nikazima mota. Watu wakaguna, mama mwenye mahindi ya njano akauliza kama umeme umekatika. Nikaweka kidole mdomoni. Fundi naye akasimamisha cherehani yake. Tulimsikia Mama Pacha akijibu, kwanza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida ya mtu wa nyumbani, si ya kibandani. Alijibu, akangoja, akajibu tena. Hakuomba arudiwe. Mwishoni akashukuru, akashusha simu, akafumbua macho.

Mota ilikuwa imezimwa na angeweza kuniambia kwa mdomo. Badala yake alisimama pale mlangoni akaninyooshea viganja viwili vilivyofunguliwa.

Kimejaa.

Sasa anasoma chuo, na anakuja Jumamosi. Kwenye mzani yuko mpwa wa fundi, dada mchapakazi ambaye bado tunafundishana ishara. Pazia la viroba sikuliondoa, linazuia vumbi. Wakati mwingine mchana mota ikipoa, wale wa benchi wananiuliza kama hakuna karatasi leo, na nikiwa na moyo nawasomea kidogo. Sauti imeanza kupanda.

Jumamosi iliyopita Mama Pacha alikuja kukaa na sisi kibandani. Nilikuwa namweleza jinsi mkanda mpya ulivyotusumbua, yeye akiwa ameegemea mzani ananitazama usoni, ameacha hata chungwa alilokuwa anamenya. Nikakatiza maneno.

"Wewe siku hizi unasikia bila kutazama," nikasema.

"Nasikia."

"Na bado unanitazama."

Fundi akasimamisha cherehani upande wa pili wa ukuta.

"Washa mashine, Baba Pacha, watu wanasubiri unga," Mama Pacha akasema, na macho hakuyaondoa usoni mwangu.